Zile Bolti Mbili za Keria

Mpendwa Baba,

Keria ya pikipiki yako, kile chuma cha kubebea mtu na mizigo nyuma, ilikatika tena wiki iliyopita, palepale pa zamani. Niliipeleka kwa fundi wa Gakindu ikachomelewe, na leo nimeifunga mwenyewe nje ya ghala la mahindi. Nilikagua kila bolti mara tatu. Wewe unajua sababu. Hadi juzi, ni wewe na mimi tu tuliojua.

Unakumbuka ile asubuhi mguu wa Cucu, mama yako, ulivyovimba? Basi lilikuwa limeshapita, nawe ukasema utampeleka hospitali Nyeri kwa pikipiki, ile aliyokuachia mzungu wa shamba aliporudi kwao baada ya uhuru. Ulikuwa ukitafuta koti lako. Ukanipa spana na keria iliyotoka kwa fundi, ukaniambia, "Funga, baba." Uliniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yako. Cucu naye, kwa sababu hiyohiyo, huniita mume wake.

Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba bolti huingizwa kutoka juu, ili nati ikidondoka, bolti ibaki mahali pake. Nikafanya hivyo, nikijiona mwerevu. Ukatoka ukifunga vifungo vya koti, ukaniuliza, "Umeangalia chini?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimeangalia, Baba.

Ukamketisha Cucu kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa. "Wacha kunishika hivyo," alikukemea, "kwani mimi ni gunia ya kahawa?" Mkaondoka. Pikipiki ilipopita ule mtaro wa langoni ilishuka kwa kishindo, na nikasikia kitu kama kitambaa kikichanika. Nilipokwenda kufunga lango nikaona vipande vyeusi chini, vidogo, vimejikunja kama viwavi. Nikaokota kimoja. Kilikuwa mpira wa tairi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Pikipiki ikiwa kwenye stendi, tairi huning'inia mbali na madigadi, lile bati la juu yake ambapo keria hufungwa. Mtu akikaa nyuma, springi hushuka na tairi hupanda. Ncha za bolti zangu mbili zilikuwa zimetazama chini, zinamngoja Cucu akae. Na mbele yenu kulikuwa na mteremko wa kwenda mtoni.

Barabara huzunguka kilima chote, lakini njia ya miguu hukata moja kwa moja katikati ya kahawa. Nilikimbia. Nilianguka mara mbili. Nilipofika darajani, wanaume waliokuwa wakitengeneza barabara waliegemea sepetu zao wakanicheka. "Kijana, ni nyuki ama ni msichana?" Nilitaka kuwaeleza, lakini unajua nilivyo, hata darasani mwalimu hulazimika kuniambia nirudie jibu. Kisha nikasikia pikipiki kwenye kona ya juu.  Nikasimama katikati ya barabara, nikatanua mikono, nikafumba macho.

Nilipofumbua, gurudumu la mbele lilikuwa hatua moja kutoka magotini mwangu.

"Mume wangu, umeshikwa na wazimu?" Cucu alipiga kelele.

Nilionyesha tu kwa kidole. Ulimshusha, ukainama, ukapitisha kidole juu ya tairi. Bolti zilikuwa zimelima mifereji miwili, na ndani ya mmoja nyuzi nyeupe zilionekana. Mwanamume mmoja alichungulia akapiga mluzi. "Ati ni fundi gani alifunga hii maneno?"

Ulinitazama. Sijawahi kuogopa macho yako namna ile.

"Ni mimi," ukasema. "Nilikuwa na haraka."

Walicheka sana. Cucu hakucheka. "Nimezaa mtoto wa kuniua," alisema, na akaapa kwamba hatakalia tena kitu chako. Alimalizia safari kwa lori la wale wafanyakazi. Tulipobaki wawili ulinipa spana. "Geuza, baba. Vichwa ndani, nati juu." Hukuongeza neno, siku ile wala baadaye.

Cucu alikishika kiapo chake. Ulimwomba radhi kila Krismasi kwa kosa langu, naye akawa anakataa huku nimeinamia kitabu. Hata siku tulipokuzika aliwaambia wageni, "Alikuwa mtoto mzuri, isipokuwa ile pikipiki." Nilikuwa nimebeba birika la chai. Nikapita.

Juzi nilimwambia. Nilisimama mlangoni mwa jiko lake nikasema yote, hata ile ndiyo yangu ya uongo. Aliweka chini ungo wa maharagwe aliyokuwa akichambua.

"Kwa nini ulingoja hadi asiwepo?" akauliza.

Nilitoka nje. Hakunisemesha siku mbili. Leo asubuhi alikuja na mkongojo wake, akatazama keria iliyolala majanini.

"Funga hiyo kitu, mume wangu. Kesho ami yako atanipeleka kanisani nayo. Nikikataa tena, nitakuwa ninamkataa nani?"

Nimeshaifunga, Baba. Nilimwomba ami akalie keria kwa uzito wake wote, nami nikalala chali kwenye vumbi, shati la shule na yote. Vichwa viko ndani. Kati yavyo na tairi vidole vyangu vitatu vinapita.

Nimeangalia chini.

Ni mimi mwanao,
uliyemwita baba.