Kamba Nilizoonja

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita
Nimekamua ndizi tena. Mikono inanata mupaka kwenye kiwiko. Nyasi za kukamulia zimekuwa shida huku mutaani kwetu Kasha, nyumba zimekula kila kitu. Ni kwa kazi ya Esperance, mutoto wa binti yangu, anayeniita koko, munganga wa wanyama. Anachovya kamba katika maji yangu ya ndizi, anazitundika mitini kule porini, juu ya Kavumu. Nyani wanazitafuna, wanazitupa. Yeye anaokota mate yao, anayapeleka labo yapimwe. Watu wazima kuokota mate! Nilicheka mupaka nikakohoa.
Leo alichelewa mukutanoni. Nikachovya mwenyewe. Nikanyonya kidogo ncha ya kila kamba. Kwetu Bushi mugeni hapewi kinywaji kama mwenye nyumba hajaonja. Usipoonja, atasema umemutilia karuho, ile sumu yetu. Na nyani pia iko mugeni.
Mafua yananisumbua. Ndizi tamu sana.

Jumatano, tarehe 5
Picha katika telefone ya Esperance. Mama nyani, sikio moja limekatika, mutoto amemushika tumboni. Anatafuna kamba yangu, macho amefunga, kama mimi na muwa. Nimemupa jina Maman Sikio.
Nimeuliza wanatafuta nini katika yale mate. "Magonjwa yetu, koko. Gripe ya mafua, surua. Yenye sisi batu tunabapatia."
Sisi? Maisha yangu yote nimesikia ugonjwa unatoka porini, unaingia nyumbani. Kumbe ile njia inarudi pia. Mafua haya ninayofuta na kitenge, kule juu yanaweza kuua mutoto. Pua yao ni pua yetu. Mungu aliwaweka karibu hivyo na hakuna mutu aliniambia.
Nimefua kile kitenge.
Bahati niko Kasha, mbali nao.

Jumamosi, tarehe 8
Papa Cirhuza amepiga simu. Ni yeye anayefuata nyayo za nyani kila asubuhi. Mutoto wa Maman Sikio anakohoa. Amesema si kelele ya nyani, ni kikohozi cha kanisani, kile cha wakati wa mahubiri. Mama yake anamufuta pua na kidole.
Sikuwahi kuombea munyama. Leo nimeomba.

Jumanne, tarehe 11
Mbaya. Esperance hajala. Labo imepata virusi ya mafua ya watu kwenye kamba. Zote. Chef wake, mukubwa wa kazi, anasema Papa Cirhuza alipanda mugonjwa akaficha, watamufukuza. Papa Cirhuza anaapa hajakohoa tangu mvua.
"Hata kamba yenye ilibakia mutini, yenye nyani hakugusa, iko nayo," Esperance akasema. "Sasa nani aliikamata?"
Mwiko ukanisimama katika bugali. Nikasema: nilizionja.
"Uli-nini?"
"Nilionja. Ulitaka baseme ni karuho?"
"Koko! Nani atamutilia nyani karuho?"
"Ndio vile kila mulozi anasemaka."
Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Halafu tukalia sisi wawili, na bugali ikaungua.

Jumatano, tarehe 12
Nimevaa kitenge changu cha Pasaka, nimekwenda mwenyewe kwa chef. Nimesimama. Nimesema Papa Cirhuza hana kosa, mate ni yangu. Ameniangalia kama mutu anayeangalia mbuzi kanisani.
"Sasa maman, tukufanye nini?"
"Munifundishe."
Wakanipa kamba nitafune. Kweli! Esperance amevaa mipira mikononi na cache-nez ya kuziba pua na mudomo, ananiambia: tafuna koko, tema. Nilitafuna. Nikafunga macho kama Maman Sikio. Nikajisikia munyama, na haikunipa haya.

Ijumaa, tarehe 21
Mafua yamepona. Roho haijapona. Virusi ya mate yangu na ile ya kamba ni moja, labo imesema. Papa Cirhuza amebaki kazini. Lakini mutoto wa Maman Sikio je? Wameokota kinyesi chake, tunangojea.
Nilizaa saba, nilizika wawili. Najua uzito wa mutoto anayepumua vibaya. Kama huyu akifa, nitakuwa nimemuua kwa heshima.
Ninaogopa. Basi.

Jumanne, tarehe 25
Hawakuona virusi yangu katika kinyesi. Nikapiga vigelegele. Esperance akanizuia: hiyo haitoshi, koko, inaweza kujificha, tuangalie kama anapona. Hawa watu wa shule hawakupi furaha nzima, wanakukatia kipande. Nimechukua kipande.

Alhamisi, tarehe 4, mwezi wa saba
Nimepanda mulimani kwa nyani. Waliangalia koo langu kwanza, wakanivalisha cache-nez, wakaniweka mbali. Papa Cirhuza alinishika mukono kwenye mteremuko. "Leo usionje kitu, maman." Nilimupiga kofi la mugongo.
Miti ilikuwa imesimama tu. Halafu ikaanza kuwa na macho. Wengi! Wazee, wanawake, watoto wenye kelele. Kijiji kizima hewani.
Maman Sikio alikaa wazi, juani. Mutoto wake akaruka kutoka tawi, akavuta mukia wa muzee mumoja, akapigwa, akarudia. Hakukohoa. Tulikaa mupaka jua likahama. Hakukohoa.
Maman Sikio aliniangalia. Sijui aliona nini. Mimi niliona mama. Koo likaniwasha vumbi la kiangazi, nikaziba mudomo na mikono miwili juu ya cache-nez, machozi yakanitoka, na sikukohoa.

Jumatatu, tarehe 8
Nimekamua ndizi. Cache-nez mudomoni, mipira mikononi. Harufu imeingia hata hivyo, tamu. Esperance amechovya kamba mwenyewe, amefunga sufuria.
Sikuonja. Mara ya kwanza katika maisha yangu kinywaji kimetoka nyumbani kwangu na mugeni atakunywa kabla yangu.
Baba yangu angeona haya. Mimi nimekaa mulangoni, naangalia milima.