Mama Gulandama, Tuliyekuzika Ungali Hai

Umetimia mwaka, Mama, tangu kifua kilipokuondoa kwetu asubuhi ile ya baridi. Tanuri lako la mikate bado lina majivu uliyoyaacha.

Hakuna jirani aliyepita mlangoni ukioka akakosa mkate wa moto, hata wale waliokusengenya. Ulisema nasi Kipashto kama watu wote. Lakini ukiungua vidole, ukibembeleza mtoto au ukimwita ng'ombe, ulirudi kwenye Kitirahi chako, lugha ya wazee wako ambayo hakuna mwingine kijijini aliyeijua, na ile sauti ya kukunja ulimi hadi kaakaani. Wajukuu wakikuiga, uliwapiga mgongoni kwa kiganja chenye unga.

"Ndimi zenu zimelala! Ziamsheni!"

Tulicheka tu. Hatukujifunza.

Kuna jambo linatuuma, na leo tunalisema. Mwalimu mmoja alikuja kutoka mjini Jalalabad na chombo cha kunasia sauti, akiulizia wanaokijua Kitirahi. Sherzamin, mwanao mkubwa, hakutaka mwanamume mgeni asikie sauti ya mama yake. Akamjibu, "Wa mwisho tumemzika." Nawe ulikuwa nyuma ya pazia linalowatenga wanawake na wageni, ukitoa tanurini mikate aliyokula mgeni huyo huyo.

Alipoondoka ukatokeza, mikono kiunoni.

"Kumbe nimekufa! Sanda yangu iko wapi?"

"Mama, watu wangesema nini?"

"Watu! Si ungenipitishia hicho chombo chini ya pazia, mwanangu? Ningeongea nacho, mgeni wako akanywa chai yake."

Tukacheka tena. Sherzamin akaahidi kumwita mwalimu tukishavuna mpunga. Ukafua pazia, ukalitundika upya, ukangoja. Tulivuna. Hakumwita, na sisi wengine hatukumkumbusha.

Wiki iliyopita Brekhna, binti wa Sherzamin, alijaribu kumwita ng'ombe wako kama ulivyokuwa ukimwita. Alikosea mara tatu. Mara ya nne ng'ombe akaacha kucheua, akasimamisha masikio, akautazama mlango ambao wewe ulizoea kutokea. Akaendelea kuutazama.

Sherzamin aliweka ndoo chini, akalia mbele ya watoto wake.

"Wa mwisho tumemzika," akamwambia ng'ombe. Safari hii hakusema uongo.

Unakumbukwa na wanao Sherzamin, Hakimgul na Torpekai, mkweo Spina, na wajukuu zako wote. Tusamehe, Mama. Hatutakusahau kamwe, ingawa tunakwambia hivyo kwa lugha isiyo yako.