Minyaa Mlangoni kwa Masanja

Baba,

Mwangaluka. Huku tumemaliza kuvuna pamba. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua. Mimi nimerudi kutoka Malampaka, ndoa ile imeisha, na sasa ninalala chumbani kwako. Nilitaka nikuandikie habari hizo tu, lakini mkono unakataa. Unataka kuandika jina la Masanja.

Jirani yako Masanja, Baba. Yule uliyekuwa ukimwazima maksai kabla hujalima shamba lako mwenyewe. Amekata uzio wako wa minyaa.

Siku hizi pamba haiuzwi ushirika peke yake. Wafanyabiashara wanakuja na malori yao, kila mmoja na mizani yake, wanatafuta mawakala vijijini. Masanja akapata uwakala. Akajenga ghala la bati upande wa kwetu, kisha akaona lori halina pa kugeukia. Hakuja kuomba. Mama na mimi tulikuwa tumekwenda msibani Zagayu. Tuliporudi tulikuta minyaa imelala chini, utomvu umeikaukia, na matairi yamepita juu ya kaburi lako. Lile tuta ambalo Mama alilipanga mawe kwa mikono yake limeshindiliwa likawa sawa na njia.

Mama alikaa chini palepale. Mimi nikaenda kwa Masanja. Alikuwa anapima pamba za watu, hata hakuacha mizani. Akasema, "Aliyekufa anataka uzio wa nini? Na wewe binti, si utaolewa tena uondoke." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Wengine wao, Baba, uliwachimbia makaburi ya wazazi wao. Niliwaangalia mmoja mmoja, nikaondoka.

Nilipeleka shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji, kikao kikaitwa hapohapo penye uzio. Masanja alikuja na shati jeupe. Akasema uzio huo ndio mpaka, yeye amegusa miti michache tu, ataotesha mingine. Alijua yataishia kwenye samahani na mbuzi mmoja. Hapo Mama akasimama. Unamjua, hasemi mbele za watu. Akapita kwenye pengo la uzio na fimbo yake, akaenda hadi karibu na mlango wa ghala, akaichomeka chini. "Mpaka ni hapa. Nilipanda mkonge nikiwa bibi harusi. Mume wangu aliotesha minyaa kule nyuma ili ng'ombe wa huyu wapate njia ya kwenda kunywa maji lamboni."

Wakaleta jembe. Visiki vya mkonge vilikuwepo, vimeoza nusu, vimenyooka mstari mmoja hadi barabarani.

Sikujua, Baba. Hukuwahi kuniambia kuwa njia ile ni wewe uliyempa.

Kikao kikasema ardhi ni yetu. Mwenyekiti akanishauri nichukue fidia, nimwachie njia. Masanja naye akaanza kuniita dada. Nikasema sitaki fidia, nataka mpaka wangu.

Kesho yake nilikata vijiti kutoka kwenye minyaa ileile aliyoiangusha. Haifi upesi. Nikavipanda kwenye mstari wa mkonge, mbele kabisa ya mlango wa ghala lake, na miiba ya migunga nikairundika pembeni. Lori lilipokuja lilikwama barabarani. Dereva alipiga honi, akashuka, akatazama, akaondoka. Tajiri wake hakusubiri, amehamishia mizani kijiji cha pili. Siku hiyo nilikaa kwenye kigoda nikabangua karanga huku nikimtazama Masanja akihamisha magunia kwa baiskeli. Nilifurahi, Baba. Zilikuwa karanga tamu.

Mama hakufurahi. "Umepanda karibu mno," aliniambia, na chakula cha jioni akala peke yake. Najua anamfikiria Mama Kulwa, mke wa Masanja, aliyekuwa akikuchotea maji ulipokuwa huwezi kuinuka. Sasa anazunguka hadi barabarani ndipo afike lamboni. Akinikuta ananisalimia vilevile, ndoo kichwani, na mimi ninashindwa kumtazama usoni.

Juzi Masanja mwenyewe alikuja. Hakutaka kigoda, alikaa chini. Akasema, "Nilikosea pale kaburini. Nifungulie hata njia ya ng'ombe." Nikamjibu, "Si mimi uliyenipitishia lori. Kamwambie mwenyewe."

Basi akaenda kweli. Alisimama pale ulipo, kofia mkononi, midomo ikicheza. Sikusikia alichokuambia. Kama alikuomba radhi, na kama wewe umempa, hayo ni yenu wawili. Nakujua, utakuwa umempa. Mimi sijampa, na usinije ndotoni kunibembeleza.

Kwa ajili ya Mama Kulwa nitaacha upenyo mmoja, upana wa mwanamke na ndoo yake. Hilo nakuahidi. Ng'ombe wa Masanja hawatapita hapo, wala lori la mtu yeyote. Na minyaa hii ikifika kimo changu nitapanda mstari wa pili nyuma yake.

Lala salama, Baba.

Mwanao,
Milembe