Alama ya Wembe

Jumatatu, 3 Machi
Faili la kuomba uprofesa linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Makala thelathini na moja. Ile ya panya na woga peke yake imenukuliwa mara mia sita na kumi na mbili. Zilizobaki, hata nikizijumlisha zote, hazifiki nusu. Kwa hiyo mimi ni makala moja yenye mkia. Mume wangu anasema hakuna kamati inayopima mkia. Miaka kumi na tisa nangoja cheo hiki — safari hii simwachii mtu.

Jumanne, 4 Machi
Kamati inataka na data asilia. Nimeingia stoo, vumbi mpaka kwenye kope. Nimekuta daftari la Mzee Wembe, fundi wetu wa maabara aliyestaafu. Ndiye aliyekuwa akikata bongo za panya vipande vyembamba, na ole wako uguse wembe wake. Kabla ya kukata, huchanjwa alama upande mmoja, ili kipande kikigeuka kwenye kioo cha hadubini ujue kulia ni wapi. Sisi alama yetu huwa kulia. Kila mtu anajua. Ukurasa wa kwanza ameandika: alama, kushoto.
Nimesoma mara tatu.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Mzee Wembe. Kaniuliza watoto kwanza, kisha kazi, kisha ugonjwa wa mama. Halafu: mwanangu, mimi siku zote nachanja kushoto, hukuniuliza.
Sikumuuliza! Nilikuwa mwanafunzi mgeni, niliona alama, nikaandika kulia, aibu ikanifunga mdomo. Basi makala nzima imepinduka. Sehemu inayotuliza woga iko kushoto, si kulia kama nilivyochapisha. Yule mwenzetu wa ghorofa ya pili aliirudia kazi yangu mara mbili ikamkatalia, nami nikamwambia mbele za watu kwamba ana mikono mizito. Naona haya kukutana naye kwenye ngazi.

Ijumaa, 7 Machi
Sijasema. Mume wangu anashauri nipande cheo kwanza, nisahihishe baadaye. Panya wenyewe wameshakufa, nani atalalamika? Tumecheka. Nimejichukia kwa kile kicheko.

Jumatatu, 10 Machi
Barua pepe ya daktari wa upasuaji nisiyemjua. Adabu tele. Anasema Alhamisi atamwekea mgonjwa waya mwembamba ubongoni, upande wa kulia, kwa kufuata makala yangu. Mama wa miaka thelathini na minne, woga wake umeshinda dawa zote. Anauliza jina langu aliandikeje kwenye shukrani.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia mkuu wa idara. Kajibu: mwambie daktari asubiri, tafuta kisingizio, jarida lililochapisha makala liache mpaka kamati ikae. Mjanja huyu, ndiyo maana ni mkuu. Nimemwandikia daktari kwamba kuna vipimo navihakiki. Uongo mtamu. Amejibu hapo hapo: hospitali iliidhinisha kwa makala iliyochapishwa, haiwezi kuahirisha kwa maneno ya pembeni. Anataka maandishi kwamba makala ina kosa.

Jumatano, 12 Machi
Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta.

Alhamisi, 13 Machi
Saa moja na robo asubuhi nimetuma. Jarida, hospitali, kamati ya vyeo, wote barua moja, nisiwe na pa kurudi. Na yule wa ghorofa ya pili. Mwili ukawa mwepesi, kwa dakika tano hivi.
Daktari kapiga. Wamesimamisha. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Anasema mgonjwa kagoma kushuka kitandani; ameshanyolewa upande wa kulia, anataka kumsikia mwenye makala. Miaka sita hakuwahi kuvuka mlango wa chumba chake. Jana alivuka, kashikwa mikono na dada zake wawili, kwa sababu daktari alimsomea ukurasa wa mwisho wa makala yangu.
Naandika huku simu iko sikioni, nipate pa kushika. Nasikia viatu vya daktari kwenye korido. Mlango. Anamwambia taratibu, huyu hapa. Mtu anapumua.
Kisha sauti ya mwanamke: shikamoo dokta, wanasema nirudi nyumbani, na mlango nimeshauvuka —