Mazoezi Niliyofanya Nimekaa

Kwa dada yangu mkubwa, matroni wa mabweni, sasa mstaafu mwenye heshima zake,

Shikamoo dada, na nyingine ya akiba. Natumaini barua hii imekukuta salama, goti limeacha kukusumbua na macho yameizoea ile miwani mipya. Sisi huku hatujambo. Wifi yako hajambo, bado ananisema asubuhi na jioni, kwa hiyo ujue nyumba imetulia. Mimi ni mzima, na safari hii hilo neno nalitumia kwa haki yake, utaona mbele.

Najua umetoka nje ukitegemea kuniona mimi nikishuka kwenye lori langu la kuhamishia watu, mikono ya shati nimeikunja, ukamwona dereva tu na bahasha. Usikasirike. Niliahidi kwamba siku utakayotoka kwenye nyumba ya shule, kabati lako la nguo nitalibeba mimi peke yangu, pamoja na kioo chake. Uwezo ninao. Ruhusa ndiyo sina. Wapakiaji nimewaambia wangoje ndani ya lori mpaka umalize kusoma. Mpe dereva maji, wewe keti kwenye kiti ambacho hakijafungwa kamba, usome mpaka mwisho. Nimeandika kwa sababu ulishasema simu yangu ni redio isiyo na pa kuzimia, na kwamba kwenye karatasi angalau nadanganya polepole.

Nakuandikia habari ya mwanao. Nimesikia tangu ile sherehe yako ya kuagwa hupokei simu yake. Nimesikia kiti chake kilikaa kitupu mbele ya walimu wote, wewe ukawa unatazama mlango, halafu ukaingia ujumbe kwenye simu yako kwamba programu imekwama, wateja wanasubiri, hawezi kutoka. Wifi yako ananiambia ujumbe huo unamsomea kila anayekuja kukusalimu. Umesema mtoto uliyemsomesha kwa jasho ameacha ofisi yenye kiyoyozi ili akarushe watu rukaruka mbele ya simu, na sasa hizo simu zimemsahaulisha hata aliyemzaa. Dada, hasira yako ni ya haki. Lakini umemwekea mtu siye. Tulia nikusimulie, na mahali nitakapotia chumvi nitakuambia mwenyewe.

Hiyo programu yake iko hivi. Mtu wa umri wangu, mwenye tumbo la kukaa, anafungua simu yake sebuleni asubuhi, anamwona kocha, kocha naye anamwona, wanafanya mazoezi pamoja na wenzao. Wiki ya kwanza ni bure. Ukipenda unaendelea, usipopenda mnaagana bila ugomvi. Kabla ya kuitoa kwa watu, mwanao alitaka wachache waijaribu. Akaanza na rafiki zake, lakini hao kila akiwauliza wanamwambia kaka iko poa sana, basi. Ndipo akaja kwangu. Akasema, mjomba, nataka mtu asiyeona aibu kunikosoa. Nikamwambia amefika kiwandani.

Tena nilikuwa na uzoefu. Mwaka huu nilishaonja wiki za bure za makocha wa kila aina huko mtandaoni. Kocha wa kupumua, kocha wa usingizi, kocha wa kupunguza kitambi, hata mmoja wa kufundisha wanaume kujiamini; huyo nilimfundisha mimi, mpaka akaomba namba yangu. Siku ya bure ikiisha, natoweka kama moshi. Kwa hiyo nilimwambia mwanao asinichukulie kama mwanafunzi, mimi ni mkaguzi wa kimataifa.

Kocha aliyempata ni mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa michezo, mfupi, filimbi shingoni hata akiwa kwake. Siku ya kwanza akaniita mzee wangu. Nikamweleza kwa upole kwamba mzee yuko kwao. Nikamsimulia ile ya friji, jinsi nilivyolibeba mgongoni likiwa limejaa, sufuria ya mchuzi imo ndani, mpaka ghorofa ya sita, na tone halikumwagika. Najua wewe ulikuwepo na ilikuwa ghorofa ya pili. Ghorofa nazo zinakua, kama watoto. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema haya kijana, simama tuione hiyo miguu iliyopandisha friji. Wenzangu kwenye vidirisha vyao vya video wakacheka. Nikapiga hatua kidogo papo hapo, nikasingizia mtandao umekata, nikazima.

Kesho yake nikaweka mtambo. Simu niliiegemeza kwenye kopo la sukari juu ya meza, ikawa inaona kuanzia kifuani kwenda juu. Mimi nikaketi kwenye stuli. Kocha akisema chuchumaa, nateremsha kichwa. Akisema inuka, nakipandisha. Akisema kimbia papo hapo, natikisa mabega. Ile chupa ya wifi yako ya kunyunyizia maji nguo za kupiga pasi niliificha pembeni, na kila wenzangu walipotoa jasho, mimi najipulizia usoni. Karanga nazo zilikuwa karibu. Kuhema tu ndiko sikuhitaji kuigiza, kulikuja kwenyewe.

Nikawa nyota, dada. Kocha akawaambia vijana wanitazame mimi, mtu asiyepumzika wala kuchagua zoezi. Mwanao akasema video zangu atazitumia kuitangaza wiki ya bure. Mimi kichwa kikavimba, nikaanza kuwapa wenzangu ushauri wa namna ya kukunja magoti.

Halafu asubuhi moja wifi yako akaingia kutafuta chupa yake. Akanikuta napanda na kushuka juu ya stuli kama abiria wa siti ya nyuma kwenye barabara mbovu. Yule mwanamke alicheka mpaka akashika ukuta. Akaichukua simu akawaonyesha watu wote: stuli ile, kandambili zile, karanga zile, chupa ile. Akawaambia mwanariadha wenu ndiye huyu, leo hata chooni bado hajaenda. Vidirisha vyote vikalipuka. Mwanao naye alikuwa anatazama, alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Mimi mwenyewe nikacheka, ningefanyaje?

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni kocha. Akamwomba wifi yako aishike simu vile vile, asiisogeze. Akamuuliza nimekaa tangu saa ngapi. Wifi yako, bado anajifuta machozi ya kicheko, akasema tangu mwanzo, huyo hajainua hata kisigino. Kocha akauliza, sasa kama muda wote alikuwa amekaa, anahemea nini?

Kile kicheko kilikatika kama umeme.

Nikajaribu mzaha, nikasema nahemea uzuri wa mke wangu. Hawakucheka. Kocha akaniambia nimsimulie tena ile ya friji, tangu mwanzo, bila kusimama. Nikaanza kwa madaha. Wewe unanijua, mimi ukinipa nafasi asubuhi, hadithi utaimaliza kuisikia jioni. Dada, ngazi ya kwanza sikuifikia. Nilitaja friji, nikavuta pumzi. Nikataja mchuzi, nikavuta pumzi. Sufuria ikabaki pale pale chini. Kocha akasema yeye si daktari na hatabahatisha, ila kwangu majaribio yameishia hapo mpaka daktari anione, na anione leo.

Nikawaka. Nikamwambia mwanao programu yake inadhalilisha watu wazima, na nitawatangazia wateja wangu wote wasiiguse. Hakubishana. Alizima simu, na kabla wifi yako hajamaliza kuokota maganda ya karanga, alikuwa mlangoni kwetu anahema kuliko mimi. Akasema tunakwenda. Nikasema siendi, nina watu wa kuhamisha. Akaivuta ile stuli, akaiweka katikati ya mlango, akaikalia, akasema basi leo hakuna anayehama. Uso ule ni wako dada, ule unaokagua nao mabweni. Nikaenda kutafuta shati.

Daktari alinisikiliza kifua, akanifunga nyaya kama redio mbovu, akatazama karatasi iliyotoka, akaacha kutabasamu. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umejibana kama bomba la sinki, umebaki upenyo wa uzi. Akaniambia kwamba siku ningeinua kabati, ningelala nalo chini. Wakanibakiza hapo hapo. Kesho yake wakaingiza waya mwembamba kupitia kifundo cha mkono, ukapanda mpaka moyoni, wakaupanua ule mshipa na kuacha ndani kibomba kidogo cha wavu cha kuushikilia usijifunge tena. Nilikuwa macho muda wote. Nilianza kumsimulia daktari habari za kazi yangu, akaniomba ninyamaze kwanza mpaka yeye amalize yake. Manesi walisema hawajapata kuona mgonjwa jasiri kama mimi. Hapo nimetia chumvi. Nilimshika nesi mkono mpaka akaniomba nimwachie vidole.

Na hiyo kesho yake, dada, ndiyo ilikuwa siku yako ya kuagwa.

Sasa niseme lile ambalo limenifanya niandike. Mwanao alikuwa amepiga pasi shati, na maneno ya kukusifu mbele ya walimu alikuwa ameyakariri. Nilimsikia akiyarudia kwenye korido. Alitaka kukupigia tangu usiku. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimshika mkono nikamwapisha asikuambie. Nilijua ukisikia utawaacha walimu na maua yao mezani, uje hospitali kunigombeza na nguo ya sherehe, na siku uliyoifanyia kazi maisha yako yote itakuwa imepotea kwa ajili ya mshipa wangu. Akanisihi sana. Akaniuliza, sasa mama nimwambie nini? Nikamjibu mambo ya uongo aniachie mimi. Ule ujumbe unaowasomea watu, wa programu kukwama na wateja kusubiri, ni wa kwangu. Nilimtajia neno kwa neno nikiwa kitandani, yeye akiandika. Hakukuwa na mteja hata mmoja, programu aliizima tangu nilipolazwa. Wakati wewe unautazama mlango wa ukumbi, yeye alikuwa anautazama mlango wa chumba nilichoingizwa.

Tena kuna jingine. Wale makocha wa kupumua na wa usingizi sikuwa nawaonja. Miezi mingi nilikuwa nalala nimeketi kwenye kochi, wifi yako namwambia naangalia mpira. Ngazi za wateja nilikuwa nawaachia vijana, najiita msimamizi. Nilikuwa natafuta wa kuniponya bila mtu kujua, maana mtu anayeitwa Winchi kwa kunyanyua vyombo vya watu atamwambia nani kwamba kufunga kamba za viatu kunamchosha? Na nilivyokuwa nakwepa kuja kwako, mpaka nikatangulia kukuambia kwamba mimi na wifi yako hata kwenye sherehe hatutafika, usidhani ilikuwa kazi. Wewe unamtambua mtoto anayejifanya mgonjwa ili akwepe darasa, na unamtambua anayejifanya mzima ili asikose safari. Ungenikamata getini. Niliogopa dada. Hapo sijatia kitu.

Sasa hivi nalala chali, miguu imenyooka, wifi yako analalamika kwamba nakoroma na anasema hivyo huku anacheka. Natembea mpaka sokoni na kurudi, na njia nzima naongea. Kocha amenirudisha darasani baada ya daktari kuridhika, mazoezi ya polepole, na nayafanya nimesimama. Mwanao hakuifungua programu kwa haraka. Aliibadilisha siku ya kwanza ya ile wiki ya bure: kabla ya zoezi lolote kila mtu anaongea na kocha, anaulizwa habari za kifua na pumzi, kisha anaiegemeza simu mpaka aonekane kuanzia viatu mpaka nywele. Sheria hiyo imetokana na mimi, waulize. Sasa imefunguliwa, na kila ninayemhamisha namwachia makochi yake pamoja na wiki moja ya bure. Wengi wanabaki.

Daktari anataka nikae mbali na makabati kwa muda, ndiyo maana sikuja. Ningeweza kungoja nikusimulie ana kwa ana, kwa maana nikiwa mbele yako naona unapocheka na unapoguna. Lakini mwanao amekonda. Nilimwapisha, na mpaka leo hajafungua mdomo, hata ulipokata simu usoni mwake. Ningemwacha, angezeeka nalo. Kiapo nilikidai mimi na nimekivunja mimi, yeye hana kosa.

Wifi yako anakusalimu, anasema akija atakupangia jiko jipya, na usimruhusu mtu apange kabla yake. Nisalimie na majirani unaowaacha, hasa yule mpishi wa shule aliyekuwa akinificha nisionwe na wewe.

Basi dada, wapakiaji ni watatu. Wawili ni mafundi wangu, waamini hata na kioo. Wa tatu hajui kufunga kamba wala kabati linashikiwa wapi, na alipopanda lori alijigonga kichwa. Amekaa nyuma kabisa, juu ya mablanketi ya kufunikia vyombo, amevaa lile shati alilolipigia pasi sherehe yako. Hao wawili watashuka wakiitwa na dereva. Huyo nimemwambia asishuke mpaka uje mwenyewe kumshusha. Nenda dada, humo ndani kuna joto.

Ni mimi mdogo wako, mwenye pumzi zake zote,

Winchi