Ndala ya Balozi

Jumapili, 21 Aprili 1974

Leo naandika yote, hata yanayomhusu balozi wetu wa nyumba kumi.

Asubuhi alituamuru tujitolee kuchimba mtaro. Kila nyumba ilichimba kuelekeza maji kwa jirani anayefuata, na kila mtu akaridhika. Mchana mvua ikanyesha. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, haunywi hata tone, basi maji yalizunguka nyumba zote kumi yakarudi uani kwetu. Yalikuja na ndala ya balozi, ya kushoto.

Nilikwenda kumweleza.

“Shikamoo, Mzee. Maji yamerudi.”

“Marahaba. Hayo ni mengine, binti. Yenu yameshakwenda.”

Alisema hivyo akiwa amevaa ndala moja.

Sasa chumba cha Bibi kimelowa, naye amehamia kitandani kwangu. Anakoroma, halafu anasema ni mimi. Sitalala mpaka balozi akubali mtaro uchimbwe upya, uelekee barabarani.

Ndala ninayo hapa chini ya kitanda. Shajara, nijibu kabla hakujakucha: nimpelekee mkononi, au niirudishe mtaroni ipite nyumba kwa nyumba hadi mlangoni kwake?