Ami, Mshenga Wetu wa Kompyuta

Ami yangu Mbwana,

Naogopa, ndiyo maana nakuandikia. Mtu mzima na akili zangu nimekaa kitandani kwa Mama, hapa Chaani, naandikia mtu aliyekwisha tangulia, kwa kuwa sina mwengine wa kumpa neno hili.

Nianze na tanzia yako. Niliiandika mimi mwenyewe, kwa ile kompyuta iliyo darasani kwa Mwalimu Tsuma na ile programu ya kutengenezea kurasa za intaneti. Si wajua, wale vijana wa Nairobi waliopanga Mikindani, Otieno na Wanjiru, walitupa vyote viwili bure ili tuijaribu programu yao na kuwaambia ina kasoro gani. Basi nikaweka jina lako, siku ya hitima, na picha yako ya kanzu nyeupe, ili jamaa walioko ng'ambo waisome. Nikaituma, nikaenda kusaidia jikoni.

Jioni Dada Khadija akapiga simu kutoka Maskati. Alikuwa akilia, hasemezeki. Picha aliyoiona juu ya tanzia haikuwa yako, ilikuwa ya Mama, ile aliyopigwa harusini, niliyokuwa nimeiweka kwenye ukurasa mwengine. Ikabidi Mama ashike simu mwenyewe aseme, "Khadija, ni mimi, nipo." Khadija hakuamini mpaka alipokaripiwa kidogo, ndipo akaijua sauti ya mamake.

Tangu siku hiyo Mama si yule. Asema nimemwitia mauti. Kila ikiadhiniwa magharibi aniuliza kama ile picha nimeiondoa, namwapia kuwa nimeiondoa, na haniamini. Nami nina hofu yangu. Khadija ni mzima wa afya. Ingekuwa ni Bibi Mwanaisha kule London, na presha yake ile? Ningeua mtu kwa tanzia ya mtu mwengine.

Na kasoro hii tuliijua, Ami. Ile siku picha ya bibi harusi ilipotokea kwenye tangazo la mbuzi wa kuuzwa, tulicheka mpaka machozi, kisha tukakutuma wewe. Nani hapa Chaani aliyeoa bila ya wewe kumpelekea posa? Tukaona na mambo ya kompyuta ni yale yale. Mtu amekupa kitu bure, humwambii usoni kuwa ni kibovu, wamtafuta mshenga alifikishe neno kwa adabu. Ukavaa kofia yako ukaenda Mikindani, ukarudi ukatwambia, "Neno limefika, wanangu, wamelipokea." Kila mara hivyo hivyo. Na ukitusikia twafoka ulikuwa ukisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Jumamosi Otieno na Wanjiru walikuja wenyewe darasani. Wanjiru akasema programu imekwisha, wiki ijayo wataigawa Likoni, Kisauni, kote, misikitini na makanisani, na hawataibadilisha tena. Akauliza kama tuna la kusema. Watu wote wakaniangalia mimi, kwa kuwa ndimi mtoto wa ndugu yako. Nikisema, wachukue kompyuta yao wende zao, mtaa mzima unione mimi ndimi niliyewafukuza wageni. Nisiposema, kuna mama wa mtu mahali atakayeliliwa naye yu hai.

Nikasema. Nilianza kama ulivyokuwa ukianza wewe, kwa sifa, na zilikuwa sifa za kweli, kwamba hata asiyejua Kiingereza aweza kuandika habari zake na zikafika mbali. Kisha nikamkalisha Otieno mbele ya kompyuta. Weka picha hapa, hifadhi. Fungua ukurasa wa pili, weka nyengine. Sasa rudi. Picha zikabadilishana mbele ya macho yake. Nikamweleza yaliyompata Mama. Nikamwambia, angalau programu ituonyeshe ukurasa mzima kwanza, ituulize, ndipo itume.

Otieno akairudia hatua ile mara mbili, picha zikabadilishana tena. Nikajua basi, tumewapoteza. Wanjiru ndiye aliyenena, polepole. "Lakini mzee alikuwa anakuja kwetu kila mara. Alikuwa anatuambia nyinyi mko sawa, hakuna shida yoyote. Alikuwa anatuletea halwa, tunakula pamoja."

Halwa, Ami.

Nilikukasirikia, sikufichi, nilikukasirikia hata udongo wako haujakauka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chako kimekuumbua kwa picha ya Mama. Halafu Wanjiru akauliza kwa nini hatukuwaambia mapema. Mwalimu Tsuma akafungua kinywa atoe yote, kwamba tulikutuma na hukufikisha. Nikamuwahi.

"Tuliogopa," nikasema.

Si uongo. Tuliogopa sisi, tukakusukuma wewe mbele, na kumbe wewe nawe ulikuwa ukiogopa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza.

Hawakuondoka. Otieno alisema hawatampa mtu programu hiyo mpaka waitengeneze, na akaniomba niwe nikienda Mikindani kila Alhamisi niwaonyeshe kila kinachoharibika. Kesho ndiyo Alhamisi ya kwanza. Sijala tangu asubuhi. Wewe walikupenda, Ami, walipopata habari zako Wanjiru alilia kama aliyefiwa na babake. Mimi watanijua kwa ubaya tu, yule dada wa makosa.

Lala pema, Ami yangu, Mola akupanulie kaburi lako. Ya halwa hayatatoka kinywani mwangu, wala Mama hatayajua kwangu. Na neno nitakalopewa nitalifikisha lote, hata sauti ikinitetemeka. Kesho nikisimama mlangoni kwao nikakawia kupiga hodi, usinione mjinga. Nitapiga.

Mwanao,
Zuhura